Dawa ya magugu bondeni: puliza kabla ya mpunga, si juu yake

Mwaka juzi mpwa wangu aliona kwenye simu wakulima wa Marekani wakipuliza dawa juu ya soya iliyokwishaota. Magugu yakafa, soya ikabaki. Akachukua bomba langu, akapuliza glaifoseti, dawa ya kuua magugu, juu ya mpunga wetu wa wiki tatu hapa Cheju, Unguja. Siku kumi baadaye robo eka nzima ilikuwa rangi ya makuti makavu.

Wenzangu, soya ile si sawa na mpunga wetu. Glaifoseti huzuia kimeng'enya, yaani protini ya kuendeshea kazi za mwili, ambacho mmea hukihitaji kujijenga. Wataalamu walimpata bakteria kwenye taka za kiwanda cha dawa hiyohiyo, na kimeng'enya chake hakizuiliki. Jeni yake wakaitia kwenye soya, ikaanza kuuzwa Marekani mwaka 1996. Supa, mbegu ya mpunga tunayopanda sisi, haina jeni hiyo.

Kwa hiyo mimi nafanya hivi. Mvua za mwanzo zikinyesha naburuga, halafu sipandi. Naacha magugu yaote wiki mbili au tatu, kwani dawa hii hupitia majani mabichi. Maji nachota kisimani, si mtaroni. Tope huishika dawa ikakosa nguvu. Kipimo nafuata kibandiko cha chupa. Napuliza asubuhi umande ukishakauka, upepo umetulia na mvua haipo karibu, nimevaa viatu vya mpira, glavu na mikono mirefu. Upande wa muhogo wa jirani sipulizi kabisa, pale natumia jembe. Magugu yakishanyauka napanda bila ya kuufukua tena udongo, maana ukifukua unaziamsha mbegu nyengine zilizolala chini.

Ndago ndiyo inayonitesa. Dawa hufika kwenye viazi vyake vya chini vilivyoungana na majani tu, vilivyolala vinasalimika, kwa hiyo msimu wa pili narudi tena.

Lakini dawa moja kila mwaka siitumii. Huko Marekani mchicha mwitu uitwao Palmer ulipulizwa mfululizo hadi ikabaki miche inayostahimili, ikazaana, na sasa wapo wanaong'oa kwa mikono.

Mpunga ukishaota bomba linawekwa ndani, tunaingia kupalilia. Mpunga mwitu tazameni mapema, ung'oeni kabla haujapukutisha mbegu.