Tetebatu: Kabla Hujafunga Mkoba, na Kabla Hujauliza Bei ya Shamba

Mswahili anayefika kisiwa cha Lombok kwa mara ya kwanza hudanganywa na masikio yake. Anasikia watu wakitaja kabar, waktu, musim, dunia, sabun, meja, bendera, naye anaelewa kabla hajatafsiriwa. Anawaona wanaume waliojifunga saruni wakitoka msikitini, mpunga kwenye majaruba, na mbele ya nyumba kibanda cha wazi chenye nguzo nne, wazee wamekaa humo na kahawa. Hicho kibanda wenyewe wanakiita berugak, na kazi yake ni ileile ya baraza la kwetu. Hazijapita saa mbili mgeni anajiona yuko nyumbani. Hapo ndipo taabu inapoanza, hasa kwa aliyekuja na fedha za kutafutia ardhi.

Tetebatu ni kijiji cha Wasasak kwenye mteremko wa kusini wa mlima Rinjani, katika tarafa ya Sikur, wilaya ya Lombok Timur, mkoa wa Nusa Tenggara Barat nchini Indonesia. Mwaka 2021 kilikuwa miongoni mwa vijiji ambavyo Indonesia ilivipeleka kuwania tuzo ya vijiji bora vya utalii ya Umoja wa Mataifa. Tuzo ilichukuliwa na Nglanggeran cha Yogyakarta, lakini jina la Tetebatu likawa limekwisha kusikika. Ni kijiji cha wakulima: mpunga, pilipili, mboga, na tumbaku, zao linaloifanya Lombok Timur ijulikane Indonesia nzima. Asiyependa kutembea kwa miguu asijisumbue kuja. Starehe ya hapa ni kupita juu ya kingo za majaruba asubuhi mapema, kwenda kwenye maporomoko ya Jeruk Manis, ambalo maana yake ni chungwa tamu, na kuwatazama kima weusi wenye mikia mirefu msituni.

Tuanze na safari, maana hiyo ina mambo machache. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo, karatasi ya kwanza si viza bali kadi ya njano. Indonesia humtaka msafiri anayetoka nchi zenye hatari ya homa ya manjano awe na cheti cha chanjo, na cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano. Anayedungwa Jumatatu ili apande ndege Jumatano amejidunga bure. Ukiwa Tanzania pia chanja tu, hasa kama ndege yako inapitia Nairobi au Entebbe; ubishi wa kaunta ya uwanja wa ndege haujawahi kumfaidia abiria.

Viza ya kulipia unapofika ni rupia 500,000, inakupa siku 30, na huongezwa mara moja kwa siku 30 nyingine. Haitolewi kwa kila pasipoti. Mke na mume wenye pasipoti za nchi mbili waangalie kila mmoja ya kwake kwenye tovuti ya uhamiaji wa Indonesia, wasiende kwa kudhani. Viza hiyo pia si ya kazi. Unaweza kukagua shamba na kukaa kikao na mwanasheria, lakini ukianza kusimamia mafundi au kupokea wageni kwenye nyumba uliyokodi, umeshavunja masharti.

Kutoka kwetu wengi hupitia Doha au Dubai hadi Jakarta au Denpasar, kisha ndege ndogo hadi uwanja wa Lombok ulio karibu na mji wa Praya, uliofunguliwa mwaka 2011. Aliyeko Bali anaweza kuvuka kwa feri kutoka Padangbai hadi Lembar, saa nne au tano za bahari. Kutoka uwanjani hadi kijijini ni kama saa moja na nusu kwa gari, na gari lipangwe na mwenye nyumba ya wageni mapema, kwa sababu usafiri wa umma haukufikishi mlangoni. Fedha taslimu zitoe huku chini kabla hujapanda mlima. Pikipiki usiikodi bila leseni ya kimataifa yenye ruhusa ya pikipiki. Bima nyingi za safari hukuacha solemba siku ya ajali kwa kosa hilo tu.

Mvua ni kuanzia Novemba hadi Machi hivi. Kwa kawaida njia za kupanda Rinjani, mlima wenye mita 3,726, hufungwa Januari hadi mwishoni mwa Machi. Kijiji chenyewe hakifungwi, na majaruba hupendeza zaidi yakiwa na maji, lakini koti la mvua na sweta la usiku si anasa.

Mavazi na mwenendo sitavifundisha kirefu. Lombok inaitwa kisiwa cha misikiti elfu, na sehemu hii ya mashariki ndiko ilikozaliwa Nahdlatul Wathan, jumuiya kubwa ya madrasa iliyoasisiwa Pancor. Mwanachuoni huitwa tuan guru na neno lake lina uzito kuliko la diwani. Anayejua kukaa Lamu au Unguja atajua kukaa Tetebatu. Mwezi wa Ramadhani mchana mikahawa hufungwa au hupunguza kazi, na mfungo sita Maulidi husomwa mwezi mzima, msikiti huu leo na ule kesho. Ukialikwa, nenda.

Sasa ardhi.

Sheria mama ni Sheria ya Msingi ya Ardhi ya mwaka 1960. Inataja haki ambazo sikio la Kiswahili linazikamata mara moja: hak milik, hak pakai, hak sewa. Ya kwanza, haki ya kumiliki, ni ya raia wa Indonesia peke yake. Hakuna mlango wa nyuma. Ya pili, haki ya kutumia, anaweza kupewa mgeni mwenye kibali cha kukaa nchini. Kanuni za mwaka 2021 zinaruhusu miaka 30, nyongeza ya 20, kisha kufanywa upya kwa 30, na kuna bei ya chini ya nyumba iliyowekwa kwa kila mkoa ambayo mgeni hawezi kununua chini yake. Ya tatu ndiyo utakayokutana nayo zaidi kijijini. Sewa maana yake ni kukodi. Rafiki mwenye mzaha angesema sewa si sawa, na ukweli ni huo: unalipia muda, muda ukiisha shamba linarudi kwa mwenyewe, pamoja na nyumba uliyojenga ikiwa mkataba haukusema vingine.

Hili lisimshangaze msomaji wetu. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo inamwekea asiye raia kikomo cha kukodi kwa miaka isiyozidi 99, na Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 haimgawii mgeni ardhi ila kwa uwekezaji. Ajabu ni kwamba Mswahili anayejua vizuri jinsi wageni wanavyohangaika kwao, akifika ugenini huamini kwamba yeye atapata njia.

Njia atakayoonyeshwa na dalali ni hii: nunua kwa jina la raia, iwe mwenyeji rafiki au mchumba, kisha muandikishiane karatasi ya siri kwamba mali ni yako. Ibara ya 26 ya sheria hiyo ya 1960 inasema muamala wenye lengo la kumhamishia mgeni haki ya kumiliki, hata kwa kuzunguka, ni batili, ardhi huangukia kwa dola, na fedha zilizolipwa hazidaiwi. Karatasi ya siri haikulindi. Kinyume chake, ndiyo ushahidi wa kosa lako. Mwenye jina akifa, warithi wake wanarithi shamba halali kabisa, na wewe utabaki unawapa pole.

Mwenye mtaji mkubwa anaweza kufungua kampuni ya mtaji wa kigeni, PT PMA, ambayo hupata haki ya kujenga na kumiliki majengo kwa muda, hak guna bangunan. Mpango wa uwekezaji unaotakiwa ni zaidi ya rupia bilioni 10, na kwa kawaida ardhi na majengo hayahesabiwi humo. Hiyo si njia ya mtu anayetaka vibanda vitatu vya mianzi vya wageni. Mtu wa vibanda vitatu akodi, au akae na mwenyeji wafanye ubia ulio wazi ambao kila mmoja anajua anachopata.

Ukishaamua kukodi, jifunze kipimo kwanza. Bei Lombok hutajwa kwa are. Are si eka: are moja ni mita za mraba 100, na eka moja ni are 40 na kidogo. Mtu akisikia bei ya are akadhani ni ya eka, atafurahi bure mpaka siku ya kuandikishana. Uliza pia bei ni ya are kwa mwaka au ya muda wote, kwa sababu kodi ya miaka 25 mara nyingi hutakiwa kwa mkupuo siku ya kusaini. Kodi ya mapato ya asilimia 10 juu ya pango ni mzigo wa mwenye ardhi, lakini wengi humsukumia mpangaji, basi iandikwe ni ya nani. Na kifungu cha kuongeza muda kikisema tu kwamba mtakubaliana bei wakati huo, hujaahidiwa chochote.

Kisha hati. Omba kuona cheti chenyewe, sertifikat, na mthibitishaji wa mikataba akakihakiki kwenye ofisi ya ardhi ya serikali, sio kwa picha ya simu. Mthibitishaji huyo mtafute mwenyewe, usipewe na muuzaji. Mashamba mengi ya vijijini hayana cheti. Yana pipil, karatasi ya zamani ya kodi, au sporadik, tamko la kukalia ardhi linalosainiwa mbele ya mkuu wa kijiji. Tamko hilo ni hatua ya kuelekea kwenye cheti, lenyewe si cheti. Afadhali mwenye shamba amalize kukipata ndipo umlipe, hata ikichukua mwaka.

Hata cheti kikiwepo, uliza mirathi. Shamba linaweza kuwa bado kwa jina la babu, na watoto wake sita hawajagawana. Lombok Timur hupeleka vibarua wengi Malaysia na Saudi Arabia, kwa hiyo ndugu wawili kati ya hao sita huenda wako kwenye mashamba ya michikichi ng'ambo wakati kaka yao anakukaribisha chai. Bila saini zao, na ya mke wa mwenye shamba, unachokodi ni kesi. Anayetoka Pwani anaijua hadithi hii bila kusimuliwa.

Baada ya nani ana haki, linakuja swali la ardhi yenyewe inaruhusiwa nini. Jaruba linaloangalia mlima ndilo kila mgeni analitaka, nalo ndilo gumu kupata kibali. Sheria ya mwaka 2009 inalinda ardhi ya chakula, na mwaka 2021 Nusa Tenggara Barat ilikuwa miongoni mwa mikoa minane ambayo majaruba yake yalichorewa ramani ya ulinzi. Mwenye shamba anaweza kukukodisha kwa moyo mweupe kabisa, na wilaya ikakunyima kibali cha kujenga. Kwa hiyo ulinganifu wa matumizi ya ardhi uthibitishwe wilayani kabla ya malipo, na huku juu karibu na msitu uhakikishwe pia mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Rinjani.

Maji nayo yana wenyewe. Mifereji ya majaruba ya Lombok ina msimamizi anayeitwa pekasih, anayepanga nani afungue maji lini. Wageni wengi humsalimu mkuu wa kijiji wakasahau kumtafuta huyu. Ukichimba bwawa la kuogelea au ukahamisha mfereji hatua tano, walio chini yako watakosa maji ya mpunga, na hakuna mkataba utakaokusaidia kuishi nao. Mimi ningeanza kwake kabla ya kwenda kwa mwanasheria.

Mwisho ni mlima wenyewe. Udongo unaorutubisha haya yote ni wa volkano. Mlipuko wa Samalas wa mwaka 1257, pembeni ya Rinjani, uliacha chembe zake hadi kwenye barafu ya Greenland. Na mwaka 2018, kati ya mwisho wa Julai na Agosti, matetemeko mfululizo yaliua watu zaidi ya 500 kisiwani, wengi wakiangukiwa na kuta za matofali zisizo na nondo, hasa kaskazini. Nyumba za mbao na mianzi zenye paa jepesi zilistahimili zaidi. Fundi akikupa makadirio, tafuta kwanza mstari wa nguzo na mikanda ya zege. Kama haupo, bei ni ya chini kwa sababu hiyo.

Kwa mgeni wa siku nne, yote haya ya ardhi hayamhusu, na huenda ndiye atakayeifaidi Tetebatu kuliko wote. Kwa mwenye nia ya kuwekeza ningesema aje mara mbili, Februari matope yakiwa kwenye vifundo na Agosti tumbaku ikikaushwa, alale kwenye nyumba ya mwenyeji, na akikaa kwenye berugak asitaje bei mpaka aulizwe shida yake.