Kukivalisha Kifaru cha Modeli kwa Vita vya Mjini

Hapa natumia modeli ya Abrams, kifaru cha Marekani, kipimo cha 1/35 (ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi), na kuivalisha TUSK: vifaa ambavyo Marekani ilivibuni kutokana na vita vya mijini Iraki. Kifaru kimeundwa kukabili adui aliye mbele, ndiyo maana deraya nzito iko usoni. Mjini kinapigwa ubavuni, mgongoni, kutoka juu ya paa, hata kutoka chini ya barabara. Ukibandika kitu, jua kinazuia pigo lipi.

Hatua ya 1: Ubavu. Kata plastiki bapa iwe vijisanduku, uvipange kwenye sketi zinazofunika minyororo. Vile halisi vina baruti inayolipuka kuelekea nje ili kuvuruga kombora. Acha mwanya mwembamba kati yake.

Hatua ya 2: Nyuma. Hapa ndipo wengi huharibu. Injini ya turbini hutoa hewa ya moto upande huu, kwa hiyo huwezi kupaziba. Panawekwa kizimba cha pau. Kombora la kawaida la RPG-7, silaha inayorushwa kutoka begani, lina kipenyo cha milimita 85, na pau zinatakiwa kulibana kichwa ili fyuzi yake, yaani kiwashio cha mlipuko, iharibike. Gawa 85 kwa 35, unapata milimita 2.4. Nafasi kati ya pau isifike hapo. Modeli yangu ya kwanza niliacha milimita 4, rafiki akaniuliza nafuga kuku gani. Sasa nakata kipande cha plastiki cha milimita 1.8, nakiweka kati ya pau na pau ninapogundisha, kisha nakichomoa.

Hatua ya 3: Juu. Mpakiaji, yaani askari anayepakia risasi za mzinga, anawekewa ngao kuzunguka bunduki yake; madirisha yake yakate kwenye plastiki angavu. Zungusha mnara wa mzinga duara zima kabla gundi haijakauka, usije ukagonga kitu.

Hatua ya 4: Tumbo. Bamba la kuzuia mabomu ya ardhini halionekani modeli ikisimama. Mimi huliruka.

Hatua ya 5: Simu. Bandika kijisanduku nyuma, ambapo askari wa miguu huzungumza na waliomo ndani. Ni kidogo kuliko punje ya mahindi, lakini mimi ndicho hukitafuta kwanza kwenye modeli ya mtu.

Ukiweka jengo kando, kumbuka mzinga huinuka nyuzi 20 tu. Kifaru kikiwa sentimita 28 kutoka ukutani, sawa na mita 10 hivi, usiulenge dirisha la ghorofa ya tatu. Mwachie mpakiaji na bunduki yake.