Somo: Kumjengea mtoto mdogo Ramadhani yake

Assalamu alaykum warahmatullah.

Somo hili ni la wenye watoto wa miaka 3 hadi 8 hivi, wale ambao saumu haijawawajibikia lakini hawataki kuachwa nyuma. Ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: mtoto wa umri huo hahitaji mambo mengi mapya. Anahitaji mawili matatu yanayorudi kila siku wakati uleule, na humo awe na kazi yake. Pambeni nyumba nzima kwa taa, yeye akibaki mtazamaji tu, siku ya nne hamu imekwisha.

Na asije mtu akasema michezo na saumu haviendi pamoja. Katika Bukhari na Muslim imo Hadithi ya Rubayyi' bint Mu'awwidh kuhusu saumu ya Ashura: walikuwa wakiwafungisha watoto wao na kuwatengenezea vya kuchezea kwa sufu. Mtoto akililia chakula, alipewa kile kichezeo mpaka wakati wa kufuturu ufike.

Hatua ya 1: Chagueni kabla mwezi haujaandama

Siku za mwisho za Shaabani kaeni na watoto mchague mambo matatu: moja la futari, moja la ibada, moja la kutoa. Matatu yanatosha. Jipime kwa wiki ya tatu, ukiwa umetoka tarawehe na daku linakusubiri: usiku kama huo utaliweza? Kama huliwezi, liache.

Hatua ya 2: Kautafuteni mwezi

Jioni ya tarehe 29 Shaabani tokeni nje jua likishazama, tazameni magharibi, chini karibu na upeo. Mwezi mwandamo ni mwembamba mno na hautachelewa kutua, kwa hiyo msiende mkiburuza miguu. Mawingu yakiuficha si hasara. Mtoto amejifunza kwamba mwezi una siku 29 au 30, na kwamba watu wazima nao hungoja habari. Aliyekua kidogo mweleze kwa nini Ramadhani husogea mapema kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kawaida, mpaka ikazunguka misimu yote kwa miaka kama 33. Hapo ataanza kupiga hesabu atakuwa na miaka mingapi, na hiyo hesabu mwachie aimalize mwenyewe.

Hatua ya 3: Kalenda ya bahasha

Bahasha 30 zenye namba, kamba, na vibanio vya nguo. Kila bahasha ina kikaratasi cha kazi moja ndogo: mpigie bibi simu umsalimie, panga viatu vya mlangoni, mwombee dua mgonjwa mnayemjua, sikiliza sura fupi mara tatu. Asiyejua kusoma mchoree picha.

Zijazeni wiki kwa wiki, maana ya mwezi mzima huwezi kuyajua. Bahasha ya 30 iwekeeni kazi ya maandalizi ya Idi, ili mwezi ukiandama usiku wa kuamkia siku hiyo, kazi bado iwe na maana. Peremende kila siku siziungi mkono: mtoto huacha kuuliza kazi ya leo ni nini, akauliza leo kuna nini ndani.

Hatua ya 4: Mwenye tende

Mngekuwa na nafasi ya jambo moja tu, ningesema hili. Imepokewa kutoka kwa Anas kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifuturu kwa tende mbichi kabla ya kuswali. Asipozipata, kwa tende kavu. Asipozipata, kwa mafunda ya maji. Basi mpe mtoto cheo cha mwenye tende. Dakika kumi kabla ya magharibi anahesabu watu kwa kidole, anarudia kwa sababu amejisahau, anapanga tende kwenye sahani, kisha anaileta kwa mikono miwili, ulimi nje, macho hayabanduki kwenye sahani. Halafu anasimama kusikiliza adhana, na yeye ndiye wa kutangaza "Tayari!" Msimpokonye kazi hata mkiwa na haraka. Wadogo kabisa watolewe kokwa na kukatiwa vipande, wasije wakapaliwa.

Dua ya kufuturu isemwe kwa sauti, polepole. Mtoto ataishika bila kufundishwa.

Hatua ya 5: Saumu ya kitoto

Wengi huwafungisha mpaka adhuhuri. Mimi napendelea kutoka alasiri hadi magharibi, kwa sababu mtoto anamaliza pamoja na wenzake na anafuturu mkekani kama wao. Akishindwa, ale bila maneno.

Hatua ya 6: Pishi yake mwenyewe

Zaka ya fitri hutolewa kwa kila Muislamu, mkubwa na mdogo, kwa hiyo na yeye yumo. Kipimo ni pishi moja ya chakula, viganja viwili vya mtu mzima vilivyounganishwa, mara nne. Mwite achote mwenyewe, ahesabu moja mpaka nne, afunge mfuko. Ifike kwa mhitaji kabla ya swala ya Idi.

Maswali ya wanachama

*Ukhti, mwanangu ana miaka 6, analia anataka kufunga siku nzima na siku hiyo ana shule. Nimkatalie?*

Usimkatalie kwa jeuri, dada yangu. Mpe siku ya mapumziko, ukiwa naye nyumbani. Umwamshe daku kweli, si kwa jina. Ukimwona amelegea au anaumwa kichwa, mfuturishe.

*Kwetu magharibi inaingia usiku sana, mtoto ameshalala. Nifanyeje?*

Hamishia mambo asubuhi. Bahasha ifunguliwe akiamka, na tende azipange jioni kabla ya kulala, azifunike. Siku za mapumziko alale mchana ili usiku awepo.

*Mume wangu anawaahidi pesa kwa kila siku wanayofunga. Inafaa?*

Shemeji ana nia njema, ila mimi singeanza. Mtoto hujifunza bei upesi, na mwenye umri mdogo aliyeshindwa anajiona maskini mbele ya kaka yake. Zawadi iwe ya wote, siku ya Idi, bila kuhesabiana.

*Binti yangu ananiuliza mbele za watu, "Mama mbona unakula?" Nashindwa kumjibu.*

Mwambie: "Mwenyezi Mungu amenipa ruhusa, nitalipa siku nyingine." Kwa mtoto mdogo hilo linatosha, na ni kweli, mengine atayajua wakati wake. Wewe endelea kukaa mkekani magharibi ikiingia, na tende yako ihesabiwe kama za wengine.