Jinsi ya Kuijaribu Krimu ya Makunyanzi ya Macho: Jicho Moja Liwe Shahidi

Wengi wanaonunua krimu ya kupunguza makunyanzi ya macho huipaka macho yote mawili tangu usiku wa kwanza, wakajitazama kwenye kioo kila asubuhi, na baada ya wiki chache wakaamua ama kwamba imefaa ama kwamba wametapeliwa, ilhali hawana msingi wa kusema lolote kati ya hayo mawili. Nami nilifanya hivyo hivyo na kopo langu la kwanza. Nililifungua mwezi Julai, wakati Nairobi ina baridi na ngozi inakauka hadi inapauka, nikalimaliza Oktoba joto lilipokuwa limerejea, kisha nikaisifu krimu kwa kazi ambayo huenda ilifanywa na majira. Jaribio la haki huhitaji krimu ipakwe chini ya jicho moja tu, na jicho la pili lipakwe mafuta ya kawaida ya kulainisha ngozi.

Nasema lipakwe mafuta, si liachwe kavu, na sababu yake ni hii. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, na ile inayolizunguka jicho hukauka upesi. Kilainishi chochote chenye gliserini hulijaza maji tabaka lake la juu, na mistari midogo hufifia kwa saa kadhaa. Ukiliacha jicho la pili kavu, utakuwa umeishindanisha krimu na ukavu, na ukavu hushindwa hata na Vaseline. Swali la mnunuzi ni kama krimu ya shilingi elfu kadhaa inaishinda losheni isiyo na manukato ambayo tayari anayo nyumbani.

Kabla ya kununua, soma orodha ya viambato. Hupangwa kwa kuanzia kile kilicho kingi zaidi, ingawa vile visivyofika asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote. Hivyo kiambato kinachotangazwa kwa herufi kubwa usoni mwa kopo lakini kimejificha mwishoni mwa orodha, baada ya manukato, huenda kiliwekwa kwa ajili ya tangazo. Kiambato chenye ushahidi mzuri kuhusu makunyanzi ni retinoli, ambayo ni jamii ya vitamini A, na mwaka 2024 Umoja wa Ulaya uliiwekea kikomo cha asilimia 0.3 katika vipodozi vya uso. Mjamzito asiitumie kabisa.

Kuhusu mahali pa kununua, nashauri duka la dawa lenye mfamasia wa kuulizwa maswali, hata kama kopo lile lile linauzwa kwa bei nafuu River Road au Dubois Road. Tafuta alama ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya, na nambari yake ya kibali uihakiki kwa kutuma ujumbe wa SM, alama ya # na nambari hiyo kwenda 20023. Ninasisitiza jambo hili kwa sababu niliwahi kuuziwa katika kibanda kimoja mjini kikopo kisicho na orodha ya viambato, kikaing'arisha ngozi yangu kwa siku nne hadi nikajiona nimepata hazina, na nilipoacha kukitumia ngozi ikawa nyekundu na kuwasha kwa majuma. Krimu inayoleta muujiza kwa siku tatu au nne itiliwe shaka, kwa maana retinoli haifanyi kazi kwa kasi hiyo. Kinachofanya hivyo mara nyingi ni steroidi iliyofichwa, yaani dawa kali ya kutuliza uvimbe na mwasho, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu karibu na jicho inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Haidrokwinoni na zebaki, zinazotumiwa kung'arisha ngozi, zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Kenya, lakini bado huonekana sokoni.

Ujue pia unachotafuta. Mifuko iliyotokana na mafuta yaliyosogea chini ya jicho haiondolewi na krimu yoyote, wala kivuli kinachotokana na bonde la mfupa. Weusi unaoletwa na kuyasugua macho kwa sababu ya mzio wa vumbi hupungua mzio ukitibiwa.

Ukishainunua, usiipeleke usoni mara moja. Paka kiasi kidogo upande wa ndani wa kiwiko, mara mbili kwa siku, kwa siku saba hadi kumi, mahali pale pale. Pakiwasha, pakivimba au pakitoka vipele, jaribio limekwisha kabla ya kuanza. Kwa ngozi nyeusi tahadhari hii ina uzito zaidi, kwa kuwa mwasho ukipoa huacha doa jeusi linaloweza kukaa miezi mingi, na utakuwa umenunua weusi uliotaka kuuondoa.

Uchaguzi wa jicho nao una mtego. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori mwenye umri wa miaka 69, ambaye upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa umekunjamana kupita kiasi kwa sababu ya jua lililopenya dirishani kwa miaka 28 ya udereva. Huko Marekani dereva huketi kushoto. Hapa kwetu huketi kulia, na anayeshinda kwenye foleni ya Barabara ya Thika kila siku huchomwa zaidi upande huo. Basi usichague jicho lenye hali mbaya zaidi wala lile zuri. Rusha sarafu. Nairobi iko karibu na ikweta na kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800, kwa hiyo miale ya jua ni mikali hata siku ya mawingu. Paka sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua, pande zote mbili kila asubuhi, la sivyo jua litaiharibu kazi ya krimu, hasa iliyo na retinoli.

Kupaka kwenyewe hakuna mengi. Osha uso usiku, subiri ukauke, chukua kiasi cha punje ya mchele, ukakipigepige kwa kidole cha pete juu ya mfupa unaolizunguka jicho, bila kukaribia ukingo wa kope, kwa kuwa krimu husogea yenyewe ukilala. Yenye retinoli ianze usiku mbili kwa wiki na iongezwe polepole.

Piga picha siku ya kwanza na kila baada ya wiki mbili, dirisha lile lile, saa ile ile, kabla ya kupaka chochote, bila tabasamu na bila kamera ya kulainisha sura. Endelea kwa wiki 12, kwa sababu mabadiliko ya kweli ya ngozi hayatangulii muda huo kwa mengi. Mwishoni mpe dada yako au jirani picha ya kwanza na ya mwisho, bila kumwambia ni jicho gani lililopakwa krimu, akuoneshe lililonufaika. Akishindwa, au akikuonesha lile la losheni, usinunue kopo la pili. Krimu iliyobaki, maadamu haijapita miezi iliyoandikwa kwenye alama ya kopo lililofunguliwa, itafaa viwiko.