Ngoma imetrendi TikTok, sasa albamu yake unaipataje na unaiongeleaje bila kuwaboa watu

Mwaka 2016 Diamond alipotoa Salome akiwa na Rayvanny, mimi nilikuwa naipiga ndani kutwa nzima, siku hiyo mama mdogo yuko jikoni anachagua mchele, ikarudi kama mara ya nne hivi nikasikia na yeye anaimba, afu nikashtuka mbona maneno anayoimba sio ya kwenye simu yangu, anaimba Kihaya, tena anafika mbele kabla wimbo haujafika. Nikamuuliza mama mdogo huu wimbo umetoka juzi tu umeujulia wapi? Alicheka mpaka mchele ukamwagika. "Juzi ipi? Huyo ni Saida Karoli, mwanangu. We hata shule ulikuwa hujaanza."

Basi ndo nikajua kuna Maria Salome ya Saida Karoli wa Kagera, ile mtaani wanaiita Chambua Kama Karanga, ilitikisa nchi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kuna kaseti nzima yenye nyimbo zingine ambazo mama mdogo anazijua zote na mimi sikuwahi kusikia hata moja. Tangu hapo nimekuwa na huu ugonjwa, ngoma ikivuma nataka kujua imetoka kwenye nini, na sasa hivi tuko watu sita tunakutana Jumapili mbili kwa mwezi, albamu moja, chai na maandazi, tunabishana. Watu huniuliza huwa tunafanyaje, kwahiyo naandika hapa mara moja niwe nawatumia hii.

Kwanza ujue jina la kitu chenyewe

Inaonekana rahisi ila hapa ndo wengi wanakwama. Wimbo unaotrendi mara nyingi umeongezwa spidi, mwimbaji anasikika kama kala gesi ya puto, au umepunguzwa mpaka unasinzia, na ukigusa kale kaduara ka sauti pale TikTok unakuta pameandikwa jina la aliyepost sio la msanii. Shazam nayo ikikutana na toleo lililoharakishwa inaweza kukuletea jibu la ajabu au isilete kabisa. Mimi nafanya hivi: naenda kwenye komenti kwanza, lazima kuna mtu kauliza "wimbo gani huu" na lazima kuna mtu kamjibu. Ikishindikana nachukua maneno manne matano ya kiitikio nayaandika YouTube kama nilivyoyasikia, hata kama ni Kizulu nimeandika hovyo, inakuja.

Ukishalipata jina usikimbilie kuplay. Angalia mwaka. Afu angalia nani katunga na nani kaproduce, kwenye Spotify ni zile nukta tatu pembeni ya wimbo, YouTube ni maelezo ya chini ambayo hakuna anayeyasomaga. Ukikuta jina la mtunzi sio la msanii unayemsikia, hapo kuna mlango, gonga. Jina la mtunzi likiwa geni kwako litafute lenyewe, utashangaa kaandika nyimbo ngapi unazozipenda za watu tofauti kabisa.

Albamu sasa, na hapa kwetu kuna mtego

Nyimbo za Ulaya na Marekani kazi ni ndogo, wimbo una albamu, albamu ina mwaka, umemaliza. Angalizo moja tu, chukua toleo la kawaida, sio lile "deluxe" lenye nyimbo 30 na mazoezi ya studio, maana utachoka kabla hujafika na utasema albamu ndefu kumbe wimbo wa mwisho ulishapita nusu saa nyuma.

Shida ni za nyumbani. Mtu anasikia Sina Makosa ya Les Wanyika kwenye klipu ya harusi, anaingia kwenye app anakuta "albamu" ina nyimbo 14, anakuja kwetu anasema mbona mpangilio wake haueleweki. Ndugu yangu, hakuna aliyeupanga. Miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80 bendi nyingi za Nairobi zilikuwa zinatoa santuri ndogo, ile ya mizunguko 45, wimbo mrefu unakatwa katikati, sehemu ya kwanza upande huu, unageuza, sehemu ya pili upande wa pili. Dar ndo kabisa, bendi zilikuwa zinarekodi Radio Tanzania, wimbo unapigwa redioni, watu wanaufuata ukumbini. Hivyo vitu vinavyoitwa albamu leo vingi ni mkusanyiko uliofanywa baadaye na muuzaji, kwahiyo usibishane kuhusu wimbo gani umefungua na upi umefunga, unabishana na mtu wa mauzo.

Kwa muziki wa dansi mimi huwa nasema fuata mtu usifuate albamu. Mfano mwimbaji Muhidin Gurumo, yupo NUTA Jazz tangu 1964 ilipoanza, 1978 yuko Mlimani Park, hao ndo Sikinde, baadaye Orchestra Safari Sound, wale wa mtindo wa Ndekule, afu akarudi Msondo, ambayo ndo ileile NUTA ya mwanzo iliyobadilishwa jina. Chukua nyimbo tatu tatu kila kituo uzipange kwa miaka. Hiyo playlist uliyoitengeneza mwenyewe ina maana kuliko mkusanyiko wowote wa app, utasikia sauti inakomaa, na utasikia magita ya Sikinde yanavyosukana tofauti na ya Msondo huku mwimbaji ni yuleyule. Ukimaliza mtafute mzee yeyote aliyekuwa anaingia dansi enzi hizo umuulize Sikinde na Msondo nani alikuwa mkali, afu kaa chini maana hutaondoka leo.

Kama unataka albamu ya kwetu iliyotengenezwa kama albamu tangu mwanzo, anza na Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala na Super Matimila, 1989, ilitoka kwa Real World, lebo ya Peter Gabriel kule Uingereza. Jina la nje la Kizungu ila ndani Kiswahili, kwahiyo mnaweza kubishana maneno bila kutafsiriwa na mtu. Kuna wimbo humo unauliza muziki asili yake wapi, sisi ulitupotezea saa nzima na maandazi yakaisha.

Kusikiliza, na mfano mmoja wa karibu

Nachukua Dreams ya Fleetwood Mac kwasababu karibu kila mtu kaisikia hata kama hajui jina. Mwaka 2020 kuna jamaa Marekani alijirekodi anateleza barabarani kwenye ubao wa magurudumu, anakunywa juisi kwenye chupa, anafuatisha maneno ya huo wimbo, basi, hamna kingine. Video ikaenda dunia nzima, wimbo wa 1977 ukarudi kwenye chati za Billboard, hadi Mick Fleetwood mwenyewe mpiga drums wa bendi akarekodi ya kwake na juisi yake.

Wengi waliishia kwenye juisi. Ila fungua albamu, inaitwa Rumours, nyimbo 11, dakika kama 40 hivi, mwendo wa kutoka Ubungo kwenda Posta siku foleni imekuonea huruma. Hii bendi ilikuwa na watu watano na wakati wanarekodi kule California 1976 wote wanaachana. Stevie Nicks na Lindsey Buckingham wameachana. Christine McVie na John McVie, mke na mume, wanapeana talaka. Ndoa ya Mick nayo inayumba. Na kila siku wanaingia studio moja! Sasa Dreams kaiandika Stevie akimwambia Lindsey, na Lindsey yeye kamwandikia Stevie Go Your Own Way, na Stevie inabidi asimame pale amwimbie kiitikio kwenye wimbo unaomsema yeye. Christine kaandika You Make Loving Fun kuhusu mwanaume mwingine, mtu wa taa wa bendi, na anayepiga besi humo ndani ni mumewe anayeachana naye, ambaye aliambiwa wimbo unamhusu mbwa. Wadau, hii ni mipasho. Mtu aliyekulia kwenye taarab anaielewa hii albamu ndani ya dakika tano, tofauti ni kwamba huku wanaopigana vijembe wako bendi moja na wanagawana mapato.

Namna ninavyoisikiliza mimi, mara ya kwanza mfululizo kuanzia namba 1, na zima ile alama ya mishale miwili inayopishana, tafadhali, ile ndo inaua albamu za watu. Simu weka mbali. Usisome chochote. Mara ya pili siku nyingine, hapo soma nani katunga upi, rudia ukijua nani anamsema nani. Mara ya tatu chagua wimbo mmoja ufuate chombo kimoja tu. Kwa Dreams fuata besi. Karibu wimbo wote una kodi mbili tu za gita (kodi za gita sio za TRA), besi inatembea palepale kama mlinzi wa geti, drums hazibadiliki, na bado hauchoshi. Kwanini hauchoshi? Sisi hatujakubaliana hadi leo, mmoja wetu anasema ni sauti inapanda huku chini kumetulia, mimi nasema ni zile sauti za pembeni zinazoingia kwenye kiitikio. Tumia earphone hata za buku tano, ila sio spika ya simu, spika ya simu haina besi utakuwa unasikiliza hewa.

Na bando, najua. Pakua usiku kwa bando la usiku, usistream albamu mchana uje unilaumu.

Ukitaka ya pili baada ya hiyo, Hounds of Love ya Kate Bush, 1985, ndo yenye Running Up That Hill iliyorudi 2022 kupitia tamthilia ya Stranger Things ikashika namba 1 Uingereza miaka 37 baada ya kutoka. Nusu ya kwanza ni nyimbo tano za kawaida, nusu ya pili nyimbo saba zinazoelezea mtu anayeelea peke yake baharini usiku. Usiisikilize ukiwa kwenye boti ya Zanzibar.

Kuongea sasa

Kikao chetu cha kwanza kilikuwa kibovu. Albamu ikaisha, mmoja akasema "kali", mwingine "kali sana", wa tatu akasema siku hizi hamna muziki ni makelele tu, afu tukaanza kuongelea Simba na Yanga. Kikao cha pili tukaweka sheria kwamba ukisema kali useme dakika ya ngapi. Basi. Hiyo moja ilibadilisha kila kitu. Mtu akisema "pale dakika ya pili na sekunde kumi anapovuta pumzi kabla ya kiitikio", kila mtu anataka kurudishiwa asikie, na mwingine atasema mimi pale ndo paliponikera, mazungumzo yameanza.

Tukaongeza nyingine, marufuku kusema zamani ndo kulikuwa na muziki, na vilevile marufuku kumwambia mzee hiki kitu kimepitwa. Ukisema hivyo unaosha vikombe. Mimi nimeosha mara mbili, zote kwa amapiano.

Maswali yanayotufaa ni ya kijinga kijinga: wimbo upi ungeutoa na albamu isiumie? Huyu anaongea na nani, mbona anamjibu mtu ambaye hatumsikii? Ungekuwa wewe ndo unayeimbwa ungeenda kuongea na gazeti au ungenyamaza? Hili la kutoa wimbo mmoja ndo linaleta ugomvi mzuri, kwasababu mtu anayeutetea wimbo lazima aeleze unafanya kazi gani pale ulipo, na hapo ndo unakuta hata wimbo dhaifu kawekwa apumzishe watu kabla ya ule mzito.

Wimbo ukiwa umerudiwa, kama Salome, msianze na "kaiba" au "kaheshimu wakongwe". Pigeni wa Saida, hapohapo wa Diamond, bila kupumzika, kila mtu aandike vitu vitatu vilivyobaki na vitatu vilivyoondoka. Tulivyofanya sisi orodha za vilivyobaki zilifanana, za vilivyoondoka kila mtu na yake, na hapo hakuna aliyeujua Kihaya hata neno, tulikuwa tunajadili ngoma na sauti tu kama viziwi wa maneno.

Ikabidi nimlete mama mdogo. Kaja na mfuko wa karanga, kakaa kwenye kochi, kasikiliza mstari mmoja mmoja anatutafsiria, mahali pengine anagoma anasema hapo hapatafsiriki mpaka mkaolewe Bukoba. Tulipofika mwisho akauliza ule upande wa pili wa kaseti mmeusikiliza? Tukatazamana. Jumapili ijayo anakuja nayo, sisi kazi yetu ni kutafuta redio ya kaseti inayofanya kazi, na mpaka naandika hapa tumepata moja tu, haina mlango, inabidi mtu aishikilie kaseti kwa kidole.