Somo: Kupanga upana wa besibendi na geni ya MAX2837 ndani ya HackRF One

Wakuu, HackRF One ni redio inayoendeshwa kwa programu ya kompyuta, na ndani yake MAX2837 ndiyo chipu inayoshusha mawimbi hadi besibendi (masafa ya chini yanayozunguka sifuri) na kuyatoa kwa njia mbili, I na Q (nakala mbili zilizopishana robo ya mzunguko), kabla hayajageuzwa kuwa namba. Wengi wakiona spektra (mchoro wa nguvu ya mawimbi kwa kila masafa) imejaa vituo hewa, yaani visivyokuwepo kweli, hukimbilia geni, yaani kiwango cha kukuza mawimbi. Anza na upana, yaani kipande cha masafa ambacho kichujio kinapitisha. Ukianza na geni, utakuwa unaipima kwa mawimbi ambayo kichujio kingeyazuia mlangoni.

Kabla ya yote, zima amplifaya ya mbele, ile iliyo karibu na antena. Na kumbuka kwamba mlango wa antena hauruhusiwi kupokea zaidi ya dBm -5 (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi), kwa hiyo usiweke kipokezi pua kwa pua na redio inayorusha.

Hatua ya 1: kasi ya sampuli

Usishuke chini ya sampuli (vipimo vya mawimbi) milioni 8 kwa sekunde, hata kama programu inakuruhusu. Kigeuzi cha HackRF, kinachogeuza mawimbi kuwa namba, hakijatengenezewa kasi ndogo kuliko hiyo.

Hatua ya 2: kichujio

Hapa tukae kidogo. Kichujio cha MAX2837 kina ngazi kuanzia MHz 1.75 hadi 28, na kanuni ya kuanzia ni robo tatu ya kasi ya sampuli. Sampuli milioni 8, basi kichujio MHz 6.

Kwa nini isiwe 8 kwa 8? Kwa sababu kichujio cha analogi hakikati ghafla, kinapunguza kwa mteremko. Tuseme katikati umeweka MHz 100. Kwa sampuli milioni 8 unaona kuanzia 96 hadi 104. Kituo chenye nguvu kilichopo 105 hakimo kwenye dirisha lako, lakini kichujio kikiwa wazi kwa MHz 10 kitapita na kujitokeza 97, kana kwamba ndiko kinakorushia matangazo. Kichujio cha MHz 6 kinapitisha 97 hadi 103 tu, hivyo kile cha 105 kinafika kimeshapunguzwa sana.

Upana una gharama nyingine, kelele. Kutoka MHz 1.75 kwenda 28 ni mara 16, yaani jumla ya kelele inayoingia kwenye kigeuzi imeongezeka desibeli 12 bila wewe kupata chochote.

Angalizo kwa wanaoandika programu zao: ukibadili kasi ya sampuli, maktaba ya HackRF inajipangia kichujio upya. Weka kasi kwanza, kichujio baadaye, la sivyo mpangilio wako unafutwa kimyakimya.

Hatua ya 3: geni

Kuna geni mbili za kuchezea. LNA (amplifaya yenye kelele ndogo, iliyo mwanzoni mwa chipu) inakwenda 0 hadi 40 kwa hatua za desibeli 8; VGA (amplifaya yenye geni inayobadilika), ambayo ndiyo geni ya besibendi, 0 hadi 62 kwa hatua za 2. Baadhi ya programu huziita IF na BB. Anza zote kwenye 16.

Sasa tazama kimo cha kituo juu ya kelele, usitazame kituo peke yake. Panda LNA hatua moja. Kituo kikipanda 8 na kelele ikapanda 3, umefaidika. Vyote viwili vikipanda 8, kelele hiyo inatoka kwenye antena na LNA haina la kuongeza. Rudi hatua moja.

VGA iko nyuma ya kichujio, kwa hiyo inanyanyua kituo pamoja na kelele yake. Kazi yake ni kuifikisha kelele juu kidogo ya ile ya kigeuzi chenyewe, basi. Kigeuzi ni cha biti 8, kina takriban desibeli 50 kutoka chini hadi juu, na ukiijaza nafasi hiyo kwa geni, kituo kikubwa kikija kitakatwa vichwa.

Kuhakikisha, rekodi sekunde moja:

`hackrf_transfer -r jaribio.iq -f 100000000 -s 8000000 -b 6000000 -a 0 -l 16 -g 16 -n 8000000`

`od -An -td1 jaribio.iq | less`

Faili litakuwa MB 16. Namba zikigonga 127 na -128 mara kwa mara, punguza VGA. Zikicheza kati ya -2 na 2 tu, ongeza.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, katikati kuna mwiba hautoki hata nikichomoa antena. Kifaa kibovu?*

Hapana, ndivyo zilivyo chipu zinazoshusha moja kwa moja hadi sifuri. Usiusumbukie kwa geni. Kama unataka 100, weka katikati 99 na usikilize pembeni.

*Nitajuaje kituo ni hewa au ni cha kweli?*

Badili kasi ya sampuli. Kikihama au kutoweka, kimepenya kichujio kutoka nje ya dirisha. Kisha sogeza katikati kwa MHz 0.5: kikihama MHz 1 nzima, ni kivuli cha kituo kilicho upande wa pili, I na Q hazijalingana. Mwisho shusha LNA desibeli 8. Cha kweli kinashuka 8. Kilichozaliwa na vituo viwili vikubwa kugongana ndani ya kipokezi kinashuka zaidi ya hapo, hata karibu 24.

*Nataka kituo kimoja tu cha FM, kHz 200. Naweza kubana kichujio hadi hapo?*

Chipu haishuki chini ya 1.75. Bana kwenye programu, baada ya sampuli. Ukitoka milioni 8 hadi elfu 250 umegawa kwa 32, na kelele inapungua kama desibeli 15. Ila kituo jirani chenye nguvu bado kinapita kwenye kigeuzi, hivyo geni ipange kwa kumtazama yeye.

*Na amplifaya ya mbele, niiwashe lini?*

Inaongeza takriban desibeli 11. Iwashe pale LNA ikiwa 40 na bado kelele haipandi ukichomeka antena. Ikiwashwa vituo hewa vikaibuka, izime.