Tangi la kwanza la matumbawe: lita 180 kwenye joto la pwani

Mwongozo huu ni wa tangi moja tu: urefu sentimita 90, upana 45, kimo 45, bila tangi la pili chini yake. Ukubwa huo unamtosha anayeanza. Tangi la lita 40 huonekana rahisi kwa kuwa ni dogo, lakini humo kosa la asubuhi huwa limeshaua kufikia jioni, maana maji ni machache mno kulimeza.

Hesabu ya nje inatoa lita 182. Ukitoa unene wa kioo, ukaacha nafasi juu, kisha ukaweka mawe na mchanga, maji halisi yanabaki kama lita 140. Vipimo vyote hapa chini vinafuata hiyo 140. Anayepima dawa kwa kufuata namba iliyoandikwa kwenye boksi huzidisha dozi kwa karibu theluthi.

Hatua ya 1: Kioo na meza

Fundi vioo mzuri anaweza kukutengenezea. Mwambie kioo cha milimita 10, kingo zisagwe, na silikoni isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni huwa na dawa hiyo, nayo huua wanyama wa tangi. Silikoni inayofaa hunuka siki inapokauka. Iache wiki nzima, kisha jaza maji ya bomba na uliache tangi nje siku mbili, gazeti kavu likiwa chini yake. Gazeti likilowa, fundi anarudi kazini.

Likijaa, tangi hili linakaribia kilo 250. Meza ya runinga hailiwezi. Tumia fremu ya chuma au mbao nene, ipimwe kwa pimamaji pande zote nne, na juu yake utandike kipande cha mkeka wa mazoezi ili punje ya mchanga isije kupasua kioo cha chini. Liweke mbali na dirisha. Jua la saa moja kwa siku linatosha kupandisha joto na kuotesha mwani.

Hatua ya 2: Maji

Hapa usibane matumizi. Maji ya bomba yana klorini, na mara nyingi yana fosfeti na shaba iliyotoka kwenye mabomba. Maji ya kisima cha mjini huwa na nitrati. Shaba kidogo tu, ambayo samaki hata haisikii, inaua konokono, kamba na matumbawe. Unahitaji maji yaliyopita kwenye mashine ya RO (inayosukuma maji kupitia utando mwembamba) na kumalizikia kwenye chujio la DI (linalonasa madini yaliyobaki), yanayosoma 0 kwenye kipimo cha TDS, yaani cha vitu vilivyoyeyuka majini. Nunua kipimo hicho kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu maduka mengi ya kujaza maji ya kunywa huyarudishia madini ili yawe na ladha. Maji hayo ni matamu kwa mtu ila kwa tangi hayafai.

Chumvi iwe ya akwariamu ya matumbawe. Ya jikoni ni kloridi ya sodiamu pamoja na madini joto, haina kalsiamu wala magnesiamu ambayo tumbawe hujengea mifupa. Chukua pipa la plastiki la lita 200 lililobeba chakula, si kemikali, weka lita 150 za maji, washa pampu ndani yake, halafu mimina chumvi polepole: gramu 37 kwa lita, yaani kilo 5 na nusu. Chumvi ndiyo iingie kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya chumvi, kalsiamu huganda, maji yanakuwa meupe kama chokaa, na hayarudi tena. Acha pampu izunguke hadi kesho yake.

Lenga chumvi ya 35 kwa elfu, ambayo ni 1.026 ukisoma kwa uzito wa maji hayo ukilinganisha na maji matupu. Pima kwa rifraktomita (darubini ndogo inayosoma chumvi kwa mwanga) iliyosahihishwa kwa kimiminika cha 35. Kuisahihisha kwa maji matupu peke yake huacha kosa kule juu unakosomea. Vile vipimo vya plastiki vyenye mshale hunasa viputo vya hewa na kudanganya.

Je, maji ya bahari? Kwa mkaaji wa pwani yanawezekana, na hayana gharama ya chumvi. Yachote ukiwa kwenye mashua, nje kwenye maji mengi, bahari ikiwa imejaa, mbali na bandari na midomo ya mito. Wakati wa masika usihangaike, mito hupunguza chumvi na kuleta tope. Yafunike gizani wiki mbili ili viumbe vidogo vife na kutulia chini, kisha nyonya ya juu kwa mpira na upime upya. Kuchota mbele ya mji kwenye fukwe zenye mabomba ya maji machafu ni kununua ugonjwa.

Hatua ya 3: Mawe, kisha mchanga

Kilo 15 za mawe makavu yenye vitundu vingi. Usiyang'oe baharini, na usichukue matumbawe hai mwambani. Matumbawe magumu yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo hayavuki mpaka bila kibali, na ndani ya hifadhi za bahari kama Mafia au Watamu hairuhusiwi kuchukua matumbawe.

Mawe yakae juu ya kioo chenyewe, mchanga umwagwe baadaye kuyazunguka. Ukitanguliza mchanga, samaki au kamba mchimbaji ataondoa punje chini ya jiwe na mnara mzima utalala juu ya kioo. Yaunganishe kwa gundi ya papo hapo ya jeli pamoja na udongo wa epoksi. Acha sentimita 6 kila upande ili sumaku ya kusafishia ipite, na acha mapango. Ukuta wa mawe uliobanana hukusanya uchafu nyuma ambako mkono haufiki.

Mchanga ni wa aragoniti (aina ya chokaa), punje za milimita 1 hadi 2, kilo 17 kwa kina cha sentimita 3. Usuuze kwenye ndoo mpaka maji yatoke safi. Weka sahani juu yake na umimine maji juu ya sahani. Maji yatakuwa na ukungu siku moja au mbili, hilo si tatizo.

Hatua ya 4: Mkondo, joto na umeme

Pampu mbili za mkondo, kila moja lita 2,000 kwa saa, zitazamane kwa pembe ili mikondo igongane katikati. Kwa lita 140 huo ni mzunguko wa karibu mara 29 kwa saa, unaofaa matumbawe laini. Uso wa maji lazima utikisike, ndipo oksijeni inapoingia. Ongeza skima ya kuning'iniza nyuma, inayotoa uchafu kwa povu kabla haujaoza.

Vitabu vingi vya Ulaya na Marekani huanza na hita. Nairobi au Arusha utaihitaji kweli, wati 150, kwa ajili ya usiku wa Julai. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa adui ni joto. Chumba cha Februari chenye nyuzi 31, ukiongeza pampu na taa, kinafikisha maji 32. Lengo ni 25 hadi 27. Yakikaa juu ya 30, tumbawe hutema mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake na kumlisha, likabaki jeupe. Ndicho kilichotokea kwenye miamba ya Afrika Mashariki mwaka 1998, na ndani ya kioo hutokea haraka zaidi.

Dawa ya kwanza ni feni ndogo inayopuliza usoni mwa maji, ikiongozwa na kidhibiti joto. Hushusha nyuzi 2 hadi 4. Siku za unyevu mwingi hushusha kidogo tu, kwa sababu maji hayakauki vizuri. Kama chumba hakishuki chini ya 31, hesabu gharama ya chila (mashine ya kupoza maji) au kiyoyozi sasa hivi, kabla ya kununua mnyama.

Feni ina malipo yake: maji hukauka lita 3 au 4 kwa siku. Kinachoondoka ni maji, chumvi inabaki. Yakipungua lita 5 bila kujaziwa, 35 inakuwa 36.3. Weka alama ya tepu kwenye kioo na jaza kila siku kwa maji ya RO yasiyo na chumvi. Kujazia maji ya chumvi ndilo kosa linaloua matangi mengi ya wanaoanza, nalo huua kimyakimya kwa wiki kadhaa.

Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni kukosa oksijeni, hasa maji yakiwa ya moto. Kuwa na pampu ya hewa ya betri inayojiwasha, au unganisha pampu moja ya mkondo ya volti 12 kwenye betri ya sola ya nyumbani. Nyaya zote zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kufuata waya hadi kwenye umeme. Breka ya RCD, inayokata umeme unapovuja, si anasa hapa.

Hatua ya 5: Kukomaza

Samaki hutoa amonia. Kundi moja la bakteria huigeuza nitriti, jingine huigeuza nitrati. Tangi jipya halina makundi hayo, na yanahitaji wiki 3 hadi 6 kuota kwenye mawe. Usitumie samaki wa kafara.

Weka chupa ya bakteria hai, kisha gramu 0.9 ya kloridi ya amoniamu safi. Kwa lita 140 inatoa amonia ya karibu 2 mg kwa lita. Wengine huozesha kipande cha kamba. Kinafanya kazi, ila hujui kimetoa kiasi gani na nyumba inanuka. Zima taa kipindi chote hiki, bakteria hawaihitaji na mwani unaipenda.

Pima kila siku mbili. Amonia itashuka, nitriti itapanda na kukaa juu muda mrefu wa kuchosha. Usiongeze amonia juu ya nitriti iliyopanda sana. Usiamini kipimo cha nitrati wakati huo, nitriti hukifanya kisome juu. Tangi limekomaa pale dozi ya amonia ya 2 mg kwa lita inapokwisha ndani ya saa 24 na nitriti pia ikasoma 0. Hapo badilisha nusu ya maji.

Hatua ya 6: Kipindi kibaya

Ukiwasha taa, kila kitu kitafunikwa na vumbi la kahawia. Hizo ni diatomu, zinakula silika, na huondoka zenyewe. Baadaye huja mwani wa nyuzi za kijani. Ingiza konokono 6 hadi 8 na uvumilie. Wengi hapa hukimbilia vichujio vya kuondoa fosfeti mpaka inasoma 0, nitrati nayo 0, ndipo unatokea ute wa kahawia wenye viputo ulio mgumu kuliko mwani wowote. Weka nitrati kati ya 2 na 10 mg kwa lita, fosfeti 0.03 hadi 0.1. Sufuri si usafi.

Hatua ya 7: Samaki

Anza na jozi ya Amphiprion ocellaris (samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari meupe) waliozalishwa kwenye matangi, mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Wote huzaliwa dume na mkubwa hugeuka jike. Wawili wa saizi moja hupigana zaidi. Wakae kwanza kwenye tangi la karantini wiki 4. Ugonjwa wa madoa meupe, Cryptocaryon, hutibiwa kwa shaba, na shaba haiingii kamwe kwenye tangi la matumbawe. Ugonjwa ukishaingia humo, dawa ni kutoa samaki wote na kuliacha tangi bila samaki, kwa kawaida siku 76.

Mfuko uliosafiri saa nyingi usiufungulie na kudondoshea maji taratibu. Ukifunguka, kaboni dioksaidi inatoka, pH inapanda, na amonia iliyokuwa imelala inakuwa sumu. Eleesha mfuko uliofungwa dakika 20, pima chumvi yake, hamisha samaki kwa wavu kwenda kwenye maji uliyoyaandaa kwa kiwango kilekile. Maji ya mfuko yaende chooni.

Samaki wengine wawili wadogo wanatosha, mmoja kila baada ya wiki mbili. Kangaja, kikande, bunju na chewa waache dukani, hata wakiwa na urefu wa kidole.

Hatua ya 8: Matumbawe

Subiri wiki 8 hadi 10 tangu maji yaingie. Anza na Discosoma (wa umbo la uyoga) chini kwenye kivuli, Zoanthus (wadogo kama vifungo) katikati, Sarcophyton (tumbawe laini kama ngozi) juu ya jiwe lenye nafasi. Baadhi ya Zoanthus na jamaa zao wana palitoksini, sumu kali: vaa glovu na miwani, na usichemshe wala kusugua kwa maji ya moto jiwe lenye wanyama hao, mvuke wake umewalaza watu hospitalini. Euphyllia, tumbawe gumu, ni zuri lakini usiku hurefusha mikono inayochoma. Liachie sentimita 15 pande zote.

Taa ianze asilimia 30 kwa saa 8, uongeze asilimia 5 kila wiki. Tumbawe linalopauka limepata mwanga mwingi, linalojinyoosha kama shingo linautafuta.

Kila wiki badilisha lita 14 zenye chumvi na joto lilelile, futa kioo, na pima alkalini (uwezo wa maji kuzuia pH isiyumbe) saa ileile ya siku. Iwe 8 hadi 9 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu 400 hadi 450 mg kwa lita. Matumbawe laini yanaitumia kidogo, mabadiliko ya maji huitosheleza. Ukiongeza magumu utaona inashuka kati ya mabadiliko. Kupandisha 1 dKH kwenye lita 140, yeyusha gramu 4 za bikaboneti ya soda kwenye glasi ya maji ya RO na umimine polepole mbele ya pampu. Si hamira ya unga, wala si magadi. Usizidishe 1 dKH kwa siku, hata kama umekuta imeanguka hadi 6.